Supreme Commander na Forged Alliance: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maoni ya Wachezaji

Supreme Commander ilitoka Februari 2007, na mpaka leo wachezaji wanabishana juu yake kana kwamba imetoka juzi. Mmoja atakuambia hakuna gemu ya vita iliyowahi kuifikia. Mwingine atakuambia alichoka kabla hajaona risasi ya kwanza. Majibu haya ni kwa anayetaka kujua mabishano hayo yanatoka wapi, nani ana hoja, na kama yeye mwenyewe ataipenda. Mimi naipenda sana, nalisema hilo mapema ili usome ukijua, lakini malalamiko ya haki nimeyapa nafasi yake.

Ni gemu ya aina gani?

Ni gemu ya mkakati ya kompyuta ambamo pande zote hucheza kwa wakati mmoja, bila kupokezana zamu. Unajenga viwanda, unatoa majeshi, unapigana, yote yakienda pamoja. Ilitengenezwa na Gas Powered Games, studio iliyokuwa Redmond katika jimbo la Washington, Marekani, chini ya Chris Taylor, na ikasambazwa na THQ. Taylor ndiye aliyeongoza utengenezaji wa Total Annihilation, gemu ya mkakati ya mwaka 1997, na mashabiki wengi wa mwanzo walikuja wakimfuata yeye. Hata mtunzi wa muziki ni yule yule, Jeremy Soule.

Kisa chake ni cha siku za mbali zijazo. Binadamu wametapakaa katika sayari nyingi na wamekuwa vitani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Pande ni tatu. UEF wanataka kurudisha dola moja ya binadamu chini ya Dunia. Cybran ni watu waliounganishwa akili zao na kompyuta, wanaopigania uhuru wao chini ya Daktari Brackman. Aeon ni waumini wa njia waliyorithi kwa viumbe wa sayari nyingine, na wenye msimamo mkali miongoni mwao humwambia kila mtu achague kuifuata njia hiyo au kufa. Wewe unaingia vitani ndani ya mashine moja iitwayo ACU, ambayo inatua peke yake kwenye sayari na kuanza kujenga jeshi kutoka patupu. ACU yako ikilipuka, kwa kanuni ya kawaida umeshindwa, hata kama una mizinga mia tano uwanjani.

Forged Alliance ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ilitoka Novemba 2007 kama nyongeza inayojitegemea, maana yake huhitaji kuwa na ile ya kwanza. Iliongeza upande wa nne, Seraphim, ikarekebisha uchumi na kuifanya kasi ya mchezo iwe nzuri zaidi. Mtu akikuambia leo kwamba anacheza "SupCom" mtandaoni, karibu kila mara anamaanisha Forged Alliance. Basi ukisoma maoni ya mtu, angalia kwanza anazungumzia ipi, kwa sababu baadhi ya lawama za 2007 zilikuwa zimeshatibiwa kabla mwaka haujaisha.

Wanaoipenda wanapenda nini hasa?

Jambo la kwanza litakalotajwa ni ukubwa. Unazungusha gurudumu la kipanya na kamera inapanda: kwanza unaona kifaru kimoja kikizungusha mnara wake, halafu kikosi, halafu bonde zima, mwisho ramani yote imekaa mbele yako na kila kitu kimegeuka alama ndogo. Unaweza kutoa amri ukiwa juu kabisa, ukashuka sehemu nyingine kwa mzunguko mmoja wa kidole. Ramani kubwa kabisa ni ya kilomita 81 kwa 81. Mtu aliyezoea kamera iliyofungwa juu ya vichwa vya askari wake, kama ilivyo katika gemu nyingi za aina hii, akishaonja uhuru huu hupata shida kurudi nyuma. Mwenye skrini mbili anaweza kuacha ya pili ionyeshe ramani muda wote.

Jambo la pili halisemwi sana, nami naona ndilo lenye uzito zaidi: risasi ni vitu halisi ndani ya ulimwengu wa gemu. Gemu nyingi hupiga hesabu tu kwamba askari fulani amemjeruhi fulani kiasi fulani. Hapa kombora la mzinga linaruka, linapinda angani, linaweza kugonga kilima kilicho katikati, au kumkosa mlengwa aliyegeuka ghafla na kumwangukia mwingine aliyekuwa akipita. Ndege iliyodunguliwa huanguka mahali fulani, na ikiangukia kiwanda chako, kiwanda kinaumia. Ndiyo maana wachezaji wa miaka mingi bado wanasimulia mechi ambazo hazijawahi kujirudia.

Halafu kuna foleni za amri. Unampangia mhandisi kazi za dakika kumi zijazo, unaviagiza viwanda vizalishe bila kukoma na kupeleka askari moja kwa moja kwenye mkusanyiko, unaweka njia ya ndege za kubeba askari zinazokwenda na kurudi zenyewe. Gemu inakuheshimu kama kamanda. Haikulazimishi kumshika kila askari mkono.

Mbona wengine wanasema inachosha?

Kwa sababu mwanzo wake ni wa taratibu kweli, na hakuna faida ya kukana. Katika ramani ya kilomita 20 kwa 20 vifaru vyako vinaweza kutembea dakika kadhaa kabla ya kukutana na adui. Asiyejua la kufanya katika dakika hizo atakaa akitazama.

Lakini muulize mchezaji mzoefu kama dakika hizo ni za kungoja, atakushangaa. Dakika tano za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Wahandisi wangapi watoke, wa kwanza aende kwenye madini yapi, jenereta ya pili ya umeme ijengwe kabla au baada ya kiwanda cha pili, skauti apite njia gani: mechi nyingi huamuliwa hapo, ingawa aliyeshindwa huja kujua robo saa baadaye. Naamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya wanaosema gemu hii inachosha waliicheza bila kuambiwa hivyo. Lawama hiyo inaiangukia gemu yenyewe, maana mafunzo yake ya ndani ni duni sana kwa mchezo wenye kina namna hii.

Lipo pia lalamiko la pili chini ya neno hilo hilo la kuchosha: mechi ndefu ambazo pande mbili zimejichimbia nyuma ya kuta za kinga na mizinga, hakuna anayethubutu kutoka. Hili nalikubali. Hutokea zaidi kwa wanaoweka masharti ya kutoshambuliana dakika ishirini za mwanzo. Ondoa masharti hayo na mchezo unabadilika kabisa.

Uchumi wake unafanyaje kazi, na kwa nini unazua ugomvi mkubwa hivi?

Hapa ndipo penye kiini cha kila kitu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika gemu nyingi za mkakati unakusanya mali mpaka itoshe bei, unalipa yote kwa mkupuo, kisha ujenzi unaanza. Supreme Commander haifanyi hivyo. Rasilimali ni mbili, madini na nishati, na zote mbili hutiririka. Kila mgodi unaleta kiasi fulani kwa kila sekunde, na kila kinachojengwa kinanyonya kiasi fulani kwa kila sekunde, kuanzia kinapoanza mpaka kinapokamilika. Fikiria tangi la maji juu ya paa: maji yanaingia kwa bomba moja na kutoka kwa mabomba kadhaa. Kinachokuhusu si tangi limejaa kiasi gani, ni kama kinachotoka kimezidi kinachoingia.

Kwa hiyo gemu haitakukataza kamwe kuanza kitu usichokimudu. Unaweza kuanzisha viwanda vinne na mzinga mkubwa kwa pamoja ukiwa na migodi sita tu. Vyote vitaanza, na vyote vitatambaa. Nishati ikikauka mambo huwa mabaya zaidi: ngao zinazima, rada inazima, na migodi yenyewe inapunguza uzalishaji kwa sababu nayo inahitaji umeme. Mgeni anaona kila kitu kimesimama bila kuonyeshwa sababu, anaifunga gemu na kwenda kuandika kwamba ni mbovu.

Katika Forged Alliance mgodi wa daraja la kwanza unatoa madini 2 kwa sekunde, wa daraja la pili 6, wa daraja la tatu 18. Ukizitazama namba hizo utaona vita nzima imo ndani yake. Kupandisha mgodi kunakula madini mengi wakati ule ule unaoyahitaji kwa vifaru. Ukipandisha mapema mno, jirani atakuja na vifaru. Ukichelewa, dakika kumi baadaye yeye ana uchumi maradufu ya wako. Hakuna jibu moja. Inategemea ramani, adui, na umepeleleza nini.

Kuna na mabaki. Kila kifaru kilicholipuka kinaacha mzoga, na mhandisi anaweza kuunyonya na kurudisha sehemu kubwa ya madini yake. Ukishambulia ovyo ukashindwa mlangoni kwa adui, umemletea zawadi. Anayeshika uwanja baada ya pambano ndiye anayevuna. Kanuni hii moja inawafanya wachezaji wazuri wafikiri mara mbili kabla ya kila shambulio.

Anayetoka StarCraft ataipenda?

Inategemea alikuwa anapenda nini kule. Katika StarCraft, gemu nyingine maarufu ya mkakati, wepesi wa vidole ni silaha: kugawa kikosi katikati ya mapigano, kumrudisha nyuma askari aliyejeruhiwa, kurudia mizunguko ile ile ya kambi bila kuchoka. Wengi waliotoka huko hulalamika kwamba katika Supreme Commander askari ni wazito, wanageuka polepole, na ustadi wao wa mkono hauwalipi.

Si kweli kwamba ustadi huo hauna kazi kabisa. Angalia mchezaji mzuri anavyokwepesha vifaru vyake mabomu ya ndege, au anavyoipeleka ACU yake mstari wa mbele kupiga ule mkwaju wake mzito unaokula nishati nyingi, huku akijua kwamba ikifa mchezo umekwisha. Ila kweli uzito umehamia kwenye kupanga. Ukitaka mapambano ya kasi ya dakika kumi, StarCraft itakufaa zaidi, na hakuna aibu yoyote katika kusema hivyo.

Mashine kubwa za majaribio zinaharibu mchezo?

Hizi ni zile mashine za kutisha za mwisho wa teknolojia: Fatboy wa UEF, ambaye ni kiwanda kinachotembea na mizinga mgongoni, Monkeylord wa Cybran, buibui wa chuma mwenye mwali unaokata chochote, Galactic Colossus wa Aeon, jitu la miguu miwili. Zipo pia manowari inayobeba ndege, sahani ya angani, na mzinga wa Mavor ambao bei yake inazidi madini 200,000 na unaofika karibu popote.

Wanaolalamika husema mechi zote huishia kuwa mbio za nani atatoa jitu kwanza. Dhidi ya kompyuta, na kati ya wachezaji wanaoanza, ndivyo ilivyo. Kwa wanaojua, jitu ni mali nyingi iliyorundikwa mahali pamoja, na likifa upande wa adui mzoga wake unamtajirisha adui. Wapelelezi wakiliona likiwa nusu ya ujenzi, ndege za mabomu zinaweza kulimaliza kabla halijainuka. Maoni yangu ni kwamba ziko mahali pake. Zinazima yale mapigano ya kujichimbia niliyoyataja, na Monkeylord akitokea gizani mapigo ya moyo yanapanda hata kama umecheza miaka.

Upande upi ni bora?

Swali hili halitaisha leo. Tofauti kati ya pande ni ndogo mwanzoni na kubwa mwishoni, na baadhi ya wakosoaji waliliona hilo kama upungufu: kifaru cha UEF na cha Cybran katika dakika ya tatu vinafanya kazi karibu moja. UEF wana ngao na uimara, Cybran wana hila na kujificha, Aeon wana silaha kali zenye kazi maalumu, Seraphim wana vitu vichache lakini kila kimoja kina nguvu. Anayeanza achague UEF, hawana mambo ya kushangaza.

Kampeni ina thamani?

Ina misheni sita kwa kila upande katika gemu ya kwanza, na sita nyingine katika Forged Alliance. Ramani hupanuka kila unapotimiza lengo, kwa hiyo misheni moja inaweza kukuchukua zaidi ya saa nzima. Wengine wanaupenda mpangilio huo. Wengine unawaudhi kwa haki, kwa sababu ulinzi ulioujenga kwa uangalifu upande mmoja unakuwa bure ramani inapofunguka na adui kutokea upande mwingine. Wahusika wanaongea sana na kufanya kidogo. Kisa chenyewe kina wazo zuri, kwamba kila upande una sababu inayoeleweka ya kupigana, lakini usinunue gemu hii kwa ajili ya kisa.

Mbona Supreme Commander 2 inachukiwa hivyo?

Ilitoka Machi 2010, safari hii ikisambazwa na Square Enix. Ramani zilipungua ukubwa, majeshi yakapungua, teknolojia ikahamishiwa kwenye mti wa utafiti, na uchumi ukabadilishwa ili ulipe bei yote kabla ya kujenga. Wakosoaji wa magazeti hawakuwa wakali kwake, na kama gemu ya peke yake inachezeka vizuri, tena kwa kompyuta dhaifu inakwenda kwa wepesi kuliko ndugu yake.

Hasira ya wachezaji wa zamani inaeleweka ukikumbuka nilichosema kuhusu tangi. Wengi walilalamikia ramani ndogo, lakini nadhani kilichowauma zaidi ni ule mtiririko kuondolewa. Ukitoa mtiririko, umetoa ile hatari ya kujitanua kupita uwezo wako, na pamoja nayo umetoa maamuzi yote ya dakika tano za kwanza. Baadaye studio ilirekebisha uchumi huo kidogo, lakini watu walikuwa wamesharudi Forged Alliance.

Kompyuta yangu ni mpya. Mbona bado inakwama?

Lawama hii ni ya kweli na haina utetezi mkubwa. Gemu hupiga hesabu za kila risasi na kila askari, na kazi kubwa ya hesabu hizo inafanywa na kiini kimoja tu cha prosesa. Kadi ya michoro ya bei ghali haitakusaidia sana hapo, wala wingi wa viini. Prosesa yenye kasi kubwa kwa kiini kimoja ndiyo inayosaidia.

Na jambo lenyewe halikuhusu wewe peke yako. Kila kompyuta katika mechi lazima iende sambamba na nyingine, kwa hiyo mwenye mashine dhaifu anawapunguzia kasi wote. Mechi ya watu wanane yenye maelfu ya askari inaweza kufika mahali ambapo sekunde moja ya gemu inachukua sekunde mbili za saa ya ukutani. Suluhisho la kawaida ni kupunguza kikomo cha idadi ya askari na kuchagua ramani ndogo zaidi.

Bado kuna watu wa kucheza nao?

Wapo. Gemu ilipoacha kushughulikiwa rasmi, wachezaji wenyewe walijenga Forged Alliance Forever, maarufu kama FAF. Ni programu ya bure inayoendeshwa kwa kujitolea, ila unapaswa kuwa na nakala halali ya Forged Alliance iliyounganishwa na akaunti yako. Ndani yake kuna viwango vya wachezaji, ramani nyingi zilizochorwa na mashabiki, kampeni za kucheza kwa kushirikiana, na marekebisho ya mizani ya nguvu kati ya pande yanayoendelea kutolewa. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo gemu inaweza kupewa kuliko hii, ya watu kuitunza bila malipo baada ya wenye biashara kuondoka.

Ramani inayotajwa kuliko zote ni Setons Clutch, ya wanne kwa wanne, ambapo kila nafasi ina kazi yake: mmoja anashika katikati, wengine wanapigania bahari, wa nyuma analea ndege. Kabla hujajiunga na mechi ya Setons, jifunze nafasi unayochukua. Wenyeji wake si wavumilivu.

Nikiwa Dar es Salaam au Nairobi, intaneti itaruhusu?

Umbali kutoka Ulaya si kikwazo kikubwa kama ilivyo kwenye gemu za bunduki, kwa sababu hapa amri zote huchelewa kidogo kwa makusudi ili kompyuta ziende sambamba. Tatizo ni kukatika. Umeme ukizimika au bando likiisha katikati, wote wanasimama kukungoja mpaka wakutoe. Data inayotumika katika mechi ni ndogo. Kinachokula bando ni kupakua gemu na ramani.

Kuna gemu nyingine za ukoo huu?

Planetary Annihilation ya mwaka 2014 ililipeleka wazo hilo kwenye sayari za duara, na maoni juu yake yamegawanyika. Beyond All Reason ndiyo ninayompendekeza mtu asiye na pesa ya kununua: ni ya bure, imetokana na urithi wa Total Annihilation, uchumi wake unatiririka vilevile, na inabeba maelfu ya askari kwa wepesi ambao Supreme Commander haiuwezi.

Nianzie wapi?

Nunua Forged Alliance, ngoja punguzo la bei kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, huja mara nyingi. Cheza misheni mbili tatu za kampeni ili ujue nani ni nani. Kisha fungua mechi dhidi ya kompyuta kwenye ramani ya kilomita 10, na kwa mechi chache za kwanza usijali kushinda. Tazama zile tarakimu mbili juu ya skrini, kinachoingia na kinachotoka, na jitahidi zisiachane sana. Ukiweza kufika dakika ya kumi bila nishati kukauka, ingia FAF, fungua marudio ya mechi za wachezaji wa viwango vya juu na utazame wahandisi wao wa kwanza wanakwenda wapi.